Naomba ushauri: Kijana ameumia goti na anataka kurudi barafuni, mfano wake ni Pavel Bure

Mleta uzi:
Habari zenu wanajamvi. Tunaishi Kanada, na mwanangu mwenye umri wa miaka 16 ni mshambuliaji wa pembeni katika hoki ya barafuni. Alichanika kano kubwa ya ndani ya goti, akapasuliwa, na sasa anaingia mwezi wa sita tangu upasuaji. Kwa kuwa anapanda ngazi bila kushika ukuta, anasisitiza kwamba yuko tayari kwa majaribio ya timu ya mwezi ujao. Nikimwambia asubiri, ananionyesha video za Pavel Bure, Mrusi aliyekwisha kustaafu, na kunikumbusha kwamba naye alichanika goti na bado akaja kuongoza kwa mabao katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Sitaki kumvunja moyo, lakini goti hilo ndilo atakalotembea nalo uzeeni. Nimjibu nini?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana ndugu yangu, na kijana tumpe pole. Mfano wake ni wa kweli, ila ameishika nusu ya habari. Bure alitoka CSKA Moscow akajiunga na Vancouver Canucks mwaka 1991, akafunga mabao 60 katika msimu wa 1992-93 na mengine 60 katika msimu uliofuata. Goti la kulia lilichanika Novemba 1995 katika mchezo dhidi ya Chicago, na msimu huo ukaishia kwake kwenye michezo 15. Aliporejea katika msimu wa 1996-97 alifunga mabao 23 katika michezo 63, idadi ambayo kwa mchezaji mwingine ingetosha kusifiwa lakini kwake ilikuwa ndogo mno. Kasi yake tuliiona tena msimu wa 1997-98, alipofunga mabao 51, na katika nusu fainali ya Olimpiki ya Nagano akaifunga Ufini mabao matano peke yake. Mwonyeshe kijana msimu ule wa katikati, ambao hauonekani sana katika hizo video.

Mchangiaji wa pili:
Nafanya kazi ya tiba ya viungo, kwa hiyo niongeze upande huo. Kupanda ngazi si kipimo cha hoki. Mchezaji wa barafuni husukuma mguu kwa upande huku goti limekunjwa, kisha hufunga breki ghafla na kugeuka, na mara nyingi hugongwa akiwa katikati ya mgeuko huo. Wataalamu wengi hushauri kusubiri angalau miezi tisa, tena kwa sharti kwamba nguvu ya paja la mguu ulioumia imefikia takribani asilimia 90 ya nguvu ya mguu usioumia, kwa sababu vijana wanaorudi mapema ndio wanaochanika mara ya pili kwa wingi. Mwombe mtaalamu wake ampime nguvu hiyo kwa kifaa, na kijana mwenyewe aione tarakimu. Ataiamini kuliko maneno yetu sote.

Mchangiaji wa tatu:
Naafikiana nanyi, lakini habari ya Bure haikuishia Nagano. Alihamia Florida Panthers Januari 1999, na baada ya michezo 11 tu, ambayo alifunga mabao 13, goti likamweka tena nje. Alisimama, akafunga mabao 58 na kisha 59 katika misimu miwili iliyofuata, jambo ambalo mimi hulistaajabia hadi leo. Baadaye, akiwa New York Rangers, magoti yalikataa kabisa, akatangaza kustaafu mwaka 2005 akiwa na miaka 34, na mabao 437 katika michezo 702. Waliingiza jina lake katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki mwaka 2012, na alistahili. Hata hivyo, yeye alikuwa na madaktari wa timu kila siku, na bado hawakuweza kuyaokoa magoti yale.

Mleta uzi:
Nawashukuru sana. Hofu yangu iliyobaki ni kwamba akikosa majaribio atapoteza nafasi yake.

Mchangiaji wa pili:
Mwandikie kocha sasa, kabla ya majaribio, ukiambatanisha barua ya daktari, na uombe kijana atazamwe baadaye katika msimu. Wakati huohuo, mtaalamu wake akiruhusu, aanze kuteleza peke yake bila kugongana na mtu, kwanza mbele na nyuma, na mageuko ya ghafla yafuate mwishoni. Goti likivimba siku inayofuata, apunguze na mtoe taarifa kwa mtaalamu.