Bustani za watoto Lubumbashi: tulipe mlangoni, au ziwe wazi kwa wote?

Mwanzisha mjadala, Katuba

Ndugu wakaaji wa Lubumbashi, swali hili linarudi kila kiangazi na kila mara tunaliacha njiani. Wako wanaosema kila bustani ya umma ijengewe ukuta, iwekwe geti na mlinzi, na mtu alipe ndipo aingie na watoto wake, maana kitu cha bure hakidumu. Wengine wanasema ardhi ya Leta (serikali) ni ya wote, na kumtoza mtoto ili abembee ni sawa na kumfukuza. Mimi niko upande huu wa pili. Nitaeleza sababu, kisha nataka kuwasikia hasa wale wasiokubaliana nami.

Tuanze na mahali bustani zilipo. Ukitaka kumwonyesha mtoto maua, miti mikubwa na mahali pa kukimbia bila kuogopa taksi-bisi, unapanda gari kwenda mjini. Kule kuna zuu (bustani ya wanyama), na kuna zile barabara za jakaranda ambazo mwezi wa tisa na wa kumi hugeuka zambarau kabla mvua haijaanza. Hilo halikutokea hivihivi. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, Wabelgiji walijitengea upande wao wenye barabara pana, miti na bustani. Waafrika wakawekwa upande mwingine, na kati yao ukaachwa ukanda mtupu ili watu wasichanganyike. Kamalondo ya leo ilizaliwa ndani ya mpango huo mwaka 1921, ikiitwa Cité Albert. Ubaguzi ule ulifutwa zamani, lakini miti haihami. Katuba, Kenya na Ruashi, komini (wilaya) za mji wetu: huko ndiko watoto wamejaa, na huko mtoto anacheza mpira barabarani akisikiliza honi.

Kwa hiyo familia ya sité, yaani ya mitaa hiyo, inalipa nauli ya watu sita kwenda na kurudi, inalipa mlangoni, halafu inalipa sukre (soda), maana mtoto aliyekimbia juani hawezi kuambiwa anywe mate. Baba anapiga hesabu, anaona fedha hiyo ni unga wa bukari (ugali) wa siku kadhaa, anasema: tutaenda Noeli au Bonane (mwaka mpya). Mtoto anaona maua mara moja kwa mwaka, tena katikati ya umati. Mzazi wa mjini anamkuta mtoto wake ameshazoea. Mimi hilo linaniuma kweli.

Papa wa Kampemba

Mwanangu, maneno yako nayaheshimu, ila nimefanya kazi ya bustani kwa miaka mingi na nitakuambia nilichokiona kwa macho. Bembea mpya inawekwa Jumatatu. Kabla mwezi haujaisha mnyororo wake umeshapimwa kwenye mzani wa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mbuzi wanaingia alfajiri. Jumamosi misafara ya harusi inakuja kupiga picha, na bibi harusi anasimama katikati ya maua kwa sababu mpiga picha amemwambia hapo ndipo panapopendeza. Baada ya misafara mitatu hakuna ua lililosimama. Nani analipa mbegu? Nani anamlipa kijana wa kumwagilia?

Mimi nasema watu wazima walipe kidogo, watoto waingie bure. Fedha ya mlangoni ndiyo mshahara wa mlinzi. Bila mlinzi hakuna bustani, kuna uwanja wa takataka.

Mwanzisha mjadala

Papa, umesema watu wazima walipe, watoto bure. Lakini mtoto wa miaka minne anakuja na nani? Anakuja na mama yake au dada yake. Ukimzuia huyo mlangoni umemzuia mtoto.

Mama wa Kenya

Wanangu, mnagombania geti kana kwamba ndilo linalotuweka nyumbani. Mimi nitawaambia kinachoniweka nyumbani. Choo. Siwezi kukaa saa tatu na wajukuu mahali pasipo na choo kinachofungika. Cha pili ni kivuli: maua bila mti wa kukaa chini yake ni ya kupita na kutazama tu. Cha tatu ni nganda, yaani baa. Mara nyingi pale panapoitwa bustani, baada ya muda zinaingia meza mbili za bia, kisha kumi, kisha spika kubwa, na bembea inasukumwa pembeni karibu na makreti matupu. Kufika saa kumi jioni wasichana wetu hawawezi kupita hapo bila kuitwaitwa.

Mkinihakikishia choo, kivuli, na kwamba pombe haiingii, nitalipa. Mkiniambia ni bure lakini pombe inauzwa ndani, siji.

Kijana wa sheria, komini ya Lubumbashi

Naona tumechanganya mambo mawili: uzio na kiingilio. Tukiyatenganisha, nusu ya ubishi inaisha.

Sheria ya ardhi, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo wote ni mali ya Leta, na kifungu cha 55 kinasema ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma haiwezi kupewa mtu binafsi maadamu haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Kwenye karatasi, bustani yetu inalindwa vizuri. Kwenye kartie (mtaani), kiwanja kilicho wazi bila mpaka kinaanza kwa mtu kumwaga matofali usiku, kisha kibanda, kisha msingi, na mwishoni mtu anatoa karatasi yenye mhuri. Wenyeji wanabaki kusema "hapa palikuwa pa watoto". Uzio mfupi wa kiunoni, wenye mlango usio na kufuli mchana, unaonyesha mpaka ni wapi. Hauhitaji kumtoza mtu hata franka moja.

Na wanaoona michezo ya watoto kuwa anasa wakumbuke kwamba nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu chake cha 31 kinataja haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Si zawadi ya kiongozi fulani.

Agronomu, jirani wa Penga Penga

Nilisoma yote nikasubiri mtu ataje udongo. Hakuna aliyeutaja, na kwetu hapa udongo ndio unaopaswa kuamua.

Tanuru la shaba la hapa mjini lilianza kuyeyusha mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo wa kiangazi kuelekea kaskazini-magharibi, ukaacha shaba, kobalti, risasi na kadimi juu ya ardhi. Wanasayansi huliita eneo hilo koni ya uchafuzi, na Penga Penga imo ndani yake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini hapa Katanga. Kiwango cha kobalti kilikuwa juu sana, na kwa watoto kilizidi cha watu wazima. Sababu moja si siri: mtoto anacheza chini, anaweka mkono mdomoni, anakula vumbi.

Sasa fikirieni bustani kwa jicho hilo. Mtoto anayecheza kwenye majani yaliyofunika ardhi hapati vumbi sawa na yule anayecheza kwenye udongo mtupu. Wenzangu wa kitivo cha kilimo walijaribu hapo Penga Penga: udongo ulichanganywa na mboji na chokaa ili madini yasipande kirahisi kwenye mimea, kisha ukapandwa nyasi na miti ya kustahimili. Kazi hiyo inawezekana, tumeiona.

Kwa hiyo nawaomba wapenzi wa maua wasikasirike nikisema maua yaje baadaye. Kwanza majani kila mahali mtoto anapokanyaga, na chini ya bembea uletwe mchanga safi kutoka mbali. Kisha miti: akasia, na miembe ambayo kila mtu hapa anajua kuitunza. Maua yachaguliwe kwa kufuata mvua yetu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mbingu inafunga, na bomba halifiki kila mtaa. Ukipanda maua ya kunywa maji kila jioni, mwezi wa saba utakuwa na vijiti. Bugenvilia inavumilia, na inachanua sana hata kiangazi.

Hapa ndipo kiingilio kinaponisumbua. Ukiweka bei mlangoni, mtoto anayebaki nje kwenye vumbi ni yuleyule ambaye mwili wake una madini mengi zaidi.

Mkaaji wa Ruashi

Fedha ipo. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini au sekta yenye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Sisi tunaoamka na vumbi la mgodi tunadai shule na visima, na ni haki. Lakini mshahara wa watunza bustani wawili na mlinzi mmoja ni kitu gani ndani ya fungu hilo? Waandikwe kwenye bajeti, wajulikane kwa majina, walipwe kila mwezi.

Papa wa Kampemba

Hapo umenigusa. Mlinzi akilipwa kweli, sina haja ya kiingilio. Hofu yangu ni ile ya siku zote: bajeti inaandikwa, kijana anafanya kazi miezi mitatu bila kulipwa, anaondoka na mpira wa maji kama fidia. Fedha ya mlangoni ilikuwa inamfikia siku hiyohiyo.

Mwanzisha mjadala

Papa, hofu hiyo ni ya kweli, na sitaki kuipita juujuu. Nawaza hivi. Mama mmoja au wawili wapewe vibanda ndani ya uzio, wauze maji, vitumbula na munkoyo (kinywaji cha mahindi), pombe hapana. Kodi ya vibanda aipokee mhasibu aliyechaguliwa na wakaaji wa kartie, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi. Fedha hiyo imlipe mlinzi pale bajeti ya komini inapochelewa. Anayetaka kununua atanunua, asiye na kitu ataketi kivulini na watoto wake bila kuulizwa. Misafara ya harusi ndiyo ilipe: anayekodi magari kumi hatashindwa kulipia picha, na kipigwe kinjia cha kusimama ili maua yabaki.

Uzio wa kiunoni naukubali kabisa. Choo kitangulie bembea, Mama wa Kenya ana haki. Na kabla ya kumwaga mchanga tumwombe agronomu apime udongo.

Pale Katuba kuna viwanja vya Leta ambavyo bado havijamwagwa matofali, nami naanza kuviandika wiki hii ili tuvipeleke komini vikiwa na vipimo. Walio Kenya, Ruashi na Annexe, andikeni vya kwenu hapa chini: avenii gani, ukubwa wa takriban, na nani anavikalia sasa.