Je, mchunguzi wa silaha aelezwe habari za kesi kabla ya kulinganisha maganda ya risasi?

Wakili wa Isamilo: Asielezwe. Mwaka 2004 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilimhusisha wakili mmoja wa jimbo la Oregon na mabomu ya treni za Madrid, Hispania, kwa alama ya kidole isiyokuwa yake, na waliohakiki walikuwa wanajua mwenzao amekwisha kuamua nini. Mikwaruzo ya pini kwenye kitako cha ganda nayo huamuliwa kwa jicho la mtu. Mnunuzi wa dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza, akishaambiwa mzigo ni wa nani, hunusa jina, hanusi dagaa.

Mama Kirumba: Sisi wa Mwaloni tumeingiaje katika kesi za bunduki, ndugu wakili? Mimi hukagua ukavu, rangi na mchanga, na jina la mvuvi halijawahi kunifidia hasara. Aliyeizoea kazi yake hayumbishwi na maneno.

Askari Mstaafu, Igoma: Mama amekujibu vizuri. Isitoshe, umetuletea vidole badala ya bunduki, na gobore la kijijini, ambalo mtutu wake hauna mifereji ya ndani inayoacha alama kwenye risasi, utalilinganisha na nini?

Mwalimu wa Nyegezi: Afande, gobore halitoi hata ganda, kwa hiyo tuliache. Kuhusu mazoea, Mama, mwaka 2006 wataalamu watano wa alama za vidole walipewa tena, bila kujua, alama walizowahi kuzilinganisha wenyewe, wakaambiwa ndizo zile za kosa la Madrid. Wanne walibadili uamuzi. Kuhusu bunduki, ripoti ya washauri wa sayansi wa Rais wa Marekani ya 2016 ilikubali utafiti mmoja tu kuwa umepangwa vizuri, ambao kosa lake la kuoanisha visivyooana lilikuwa takriban 1 kati ya 66.

Mama Kirumba: Hao watano hawakuwa wanapoteza fedha zao, Mwalimu. Mimi nikikosea, nalala na mzigo.

Askari Mstaafu, Igoma: Hiyo 1 kati ya 66 inahesabu makosa, Mwalimu, haionyeshi kwamba yaliletwa na habari za kesi. Na ganda lililoopolewa ziwani likiwa na kutu, mchunguzi atalisomaje bila kuambiwa lilikotoka?

Wakili wa Isamilo: Hilo aambiwe, Afande, kwa kuwa kutu inahusu ganda lenyewe. Asiloambiwa ni kwamba mtuhumiwa amekiri, wala kwamba mkubwa wake anasubiri jibu la ndiyo. Hayo abaki nayo afisa anayepokea vielelezo.

Askari Mstaafu, Igoma: Na kituo chenye mtu mmoja anayepokea na kuchunguza, huyo atazifichaje habari hizo zisimfikie mwenyewe?