Laringoskopu ya kamera: zoloto linaonekana vizuri, mpira hauingii

Karakana3D:
Wakuu, naomba msaada wa usanifu. Tunaunda laringoskopu ya kamera ya bei nafuu, yaani kifaa cha kuonyesha zoloto (kisanduku cha sauti kooni) wakati wa kumwingizia mgonjwa mpira wa kupumulia. Bapa limepinda digrii 60, limechapwa kwa printa ya 3D kwa PLA (aina ya plastiki), na kamera ya endoskopu ya milimita 5.5 imekaa karibu kabisa na ncha. Kwenye sanamu ya mazoezi nyuzi za sauti zinajaa skrini, lakini mpira namba 7.5 unagonga ukuta wa mbele wa bomba la hewa. Tukipuliza hewa ya joto yenye unyevu, lenzi inashika ukungu. Turekebishe wapi?

UsingiziSalama:
Mkuu, hiyo picha kujaa skrini ni sehemu ya tatizo. Kamera ikiwa jirani na zoloto, ncha ya mpira inatokea ikiwa imeshafika na huna nafasi ya kuielekeza. Irudishe nyuma milimita 30 hadi 40 kutoka kwenye ncha ya bapa. Zoloto likae nusu ya juu ya skrini, nusu ya chini ubaki uwanja wa mpira.

Kubwa zaidi ni pembe. Bapa la Macintosh, lile la kawaida lisilo na kamera lililoanza mwaka 1943, linamfanya daktari aone kwa mstari ulionyooka, na mpira unafuata mstari huohuo. La digrii 60 linachungulia kona, kwa hiyo mpira unahitaji staileti (waya wa kuushikilia umbo kwa ndani) ngumu yenye mpindo uleule wa bapa. Ncha ikishapita nyuzi za sauti, msisukume na staileti ndani: bomba la hewa linaelekea nyuma huku ncha bado inatazama mbele, ndiyo maana inagonga. Vuta staileti sentimita 4 hadi 5, kisha telezesha mpira. Ukigoma, uzungushe digrii 90 kulia.

Tafadhali, mpaka ncha ipotee nyuma ya ulimi, macho yawe mdomoni na si kwenye skrini. Kaakaa laini hutobolewa hapo.

Karakana3D:
Asante sana daktari. Na tukiweka mfereji wa kuongoza mpira?

FundiVifaaTiba:
Unasaidia, ila unanenepesha bapa, na mgonjwa asiyefungua mdomo vizuri hatanufaika. Kumbuka 7.5 ni kipenyo cha ndani. Cha nje huandikwa kwenye mpira na hutofautiana kwa mtengenezaji. Pima mipira mnayotumia, ongeza kama milimita 1, na acha upande mmoja wazi ili mpira uchomoke bapa linapotolewa.

Ukungu hutokea kwa sababu kioo ni baridi kuliko pumzi. Washeni LED dakika chache kabla, au lowesheni ncha kwenye maji ya uvuguvugu. Tengeni LED na lenzi kwa ukuta mweusi. Zikiwa nyuma ya kioo kimoja, mwanga unarudi na kufifisha picha.

PLA hulainika karibu na nyuzi joto 60, otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) ni 121 au 134, kwa hiyo haichemshiki. Mianya kati ya tabaka pia huhifadhi vijidudu. Kwa bapa la kurudia, tumieni nailoni iliyosawazishwa uso. Mkichapa, lilazeni ubavu: likisimama, nguvu ya kuinua ulimi inatenganisha tabaka na kipande kinabaki kooni. Livunjeni makusudi kwanza, kwa kufuata ISO 7376, kiwango cha kimataifa cha laringoskopu.

UsingiziSalama:
Naongeza: tumieni kebo, Wi-Fi huchelewesha picha. Na kabla ya mgonjwa yeyote, pateni kibali cha maadili na mzungumze na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kama mko Tanzania. Kamera ikionyesha mpira umeingia, bado kipimo cha kabonidioksidi kwenye pumzi inayotoka ndicho kinachothibitisha.