Ofisi yetu inaacha EAGLE: tuhamie KiCad, Altium au Fusion?

MsanifuBodi, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi katika kampuni ndogo inayotengeneza vidhibiti vya pampu za maji zinazotumia umeme wa jua, pamoja na chaja za betri. Kwa miaka mingi tumekuwa tukisanifu bodi zetu za saketi kwa EAGLE, ambayo wengi wetu tulianza kuitumia chuoni, kwa sababu toleo lake la bure lilitosha kabisa kwa kazi za mwanafunzi ingawa lilikuwa na mipaka ya tabaka 2 za shaba na bodi ya milimita 100 kwa 80. Kama mnavyofahamu, kampuni ya Autodesk, iliyoinunua EAGLE mwaka 2016, ilitangaza mwaka 2023 kwamba programu hiyo itafikia mwisho wake tarehe 7 Juni 2026 na kwamba usanifu wa elektroniki utaendelezwa ndani ya Fusion, programu yake nyingine ya usanifu. Kwa hiyo swali la kuhama au kutohama limeshajibiwa. Lililobaki ni wapi pa kuhamia.

Ofisini mawazo yamegawanyika. Mhandisi mmoja aliyetoka katika kampuni kubwa anataka Altium, na anaitetea kwa hoja nzito. Vijana wanataka KiCad. Mkurugenzi anauliza itakuwaje tutegemee programu isiyolipiwa katika bidhaa tunazozitolea dhamana kwa wateja, na idara ya manunuzi inauliza ni nani tutakayempigia simu siku mambo yakikwama. Fusion haina mtetezi, ila kila mtu anakiri kuwa ndiyo njia fupi kuliko zote.

Bodi zetu nyingi ni za tabaka 2, na chache za tabaka 4 zina modemu ya simu. Karibu zote zina upande wa volti 230 na upande wa volti 5 au 3.3 kwenye bodi moja. Tunazichapisha kiwandani Shenzhen, China, ambako komponenti ndogo hupachikwa na mashine. Rilei, viunganishi na kapasita kubwa tunazilehemu wenyewe. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii: mlichagua nini, na ni kazi gani ambayo watu hawaihesabu wanapopanga kuhama?

Mhandisi_Nairobi

Ndugu MsanifuBodi, nimesimamia uhamaji kama huu, kutoka EAGLE kwenda KiCad, na kwa bodi ulizozieleza ninakushauri KiCad bila kusita. Nianze na swali la mkurugenzi wenu, kwa sababu ni swali la haki na linastahili kujibiwa kwa heshima.

KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Grenoble, Ufaransa. Tangu mwaka 2013 kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kimekuwa kikiichangia, na ule uchoraji ambao njia ya shaba unayoichora huzisukuma nyingine pembeni bila kuvunja nafasi iliyowekwa ulitokana na mchango huo. Mwaka 2019 mradi uliingia chini ya Linux Foundation. Leseni yake ni ya GPL, yaani ya programu huria, maana yake toleo mlilolisakinisha leo litaendelea kufunguka hata kama kila anayelitengeneza ataacha kazi kesho, na hakuna seva ya mbali itakayoulizwa ruhusa kwanza. Sasa linganisha na historia ya EAGLE: ilianzia Ujerumani mwaka 1988 chini ya CadSoft, ikachukuliwa na Premier Farnell mwaka 2009, ikaenda Autodesk mwaka 2016, na mwaka 2017 ikageuzwa kuwa ya kulipiwa kwa kipindi. Sisemi kuwa wenye mali walikosea kuuza mali yao. Ninasema kwamba kulipia programu hakukuwapa watumiaji wake uhakika ambao mkurugenzi wenu anautafuta.

Kuhusu faili, jambo la kwanza ni la haraka. Kuanzia toleo la 6, EAGLE huhifadhi kazi katika XML, muundo wa faili za maandishi, na hizo ndizo faili ambazo KiCad inaweza kuzisoma. Kama mna bodi zilizohifadhiwa kwa matoleo ya zamani zaidi, zifungueni kwa EAGLE mliyonayo na mzihifadhi upya sasa, wakati leseni bado inafanya kazi. Baada ya hapo, mchoro wa saketi na bodi vinaingizwa pamoja kama mradi mmoja, na matokeo yake huwa mazuri kuliko watu wanavyotarajia. Maeneo ya shaba yajazeni upya, kisha endesheni ukaguzi wa kanuni za umeme kwenye mchoro na ukaguzi wa kanuni za usanifu kwenye bodi, na kila onyo lisomwe na mtu aliyeisanifu bodi hiyo.

Kazi isiyohesabiwa, uliyoiulizia, ni maktaba, yaani mkusanyiko wa komponenti mnazozitumia katika michoro. Katika EAGLE, alama ya komponenti na futiprinti yake, yaani mpangilio wa pedi inapolehemiwa, hufungwa pamoja kuwa kifaa kimoja. Katika KiCad vitu hivi viwili huishi mbalimbali na msanifu ndiye anayeviunganisha, na kinachoviunganisha ni namba za miguu na pedi. Chukua mfano wa daiodi. Alama ya daiodi katika maktaba ya KiCad ina mguu namba 1 kwa kathodi na namba 2 kwa anodi. Futiprinti nyingi zinazotoka EAGLE zina pedi zilizoandikwa A na C. Mhandisi akichukua alama mpya ya KiCad na kuiwekea futiprinti ya zamani, namba hazikutani, na pedi zinabaki bila muunganisho wowote. Hiyo bado ni afadhali, kwa sababu programu itatoa onyo. Hatari zaidi ni transista ya SOT-23, yaani umbo dogo la miguu mitatu, ambako namba zote zinakutana vizuri lakini beisi na emita zimebadilishana nafasi, kwa sababu mpangilio wa miguu hutofautiana kutoka transista moja hadi nyingine. Hapo hakuna ukaguzi wa kompyuta utakaokuokoa. Ni karatasi ya data na jicho la mtu.

Kwa sababu hiyo, msiruhusu kila mhandisi aingize maktaba zake mwenyewe. Teueni mtu mmoja awe mlinzi wa maktaba ya ofisi, aanze na komponenti mnazozinunua mara kwa mara, na kila moja iwe na namba ya mtengenezaji, karatasi ya data na jina la aliyeihakiki. Maktaba hiyo muiweke kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili. Faili za KiCad ni maandishi matupu, kwa hiyo mabadiliko ya pedi moja yanaonekana mstari kwa mstari, na inajulikana nani aliyabadilisha na lini.

Mambo mawili ya mazoea. EAGLE ikiwa na mchoro na bodi wazi kwa pamoja, kila unachogusa kwenye mchoro hufika kwenye bodi papo hapo. Katika KiCad lazima uamuru mwenyewe bodi ijisasishe kutoka kwenye mchoro, kwa kitufe cha F8, na wanaotoka EAGLE husahau hili kwa muda mrefu. La pili ni matoleo: faili iliyohifadhiwa kwa toleo la 9 haifunguki katika toleo la 8. Ofisi nzima ikae kwenye toleo kuu moja, na kupanda toleo jingine uwe uamuzi wa pamoja.

TabakaNane

Naheshimu aliyoyaandika mwenzangu, na kwa bodi za tabaka 2 sina hoja dhidi yake. Hata hivyo, mhandisi wenu anayeitetea Altium asionekane kuwa anapenda vitu vya gharama tu. Kazini kwetu tunasanifu bodi za tabaka 8 zenye kumbukumbu za kasi, na nyingine ambazo sehemu yake ni ngumu na sehemu inajikunja ili iingie ndani ya kasha. Kwa kazi ya namna hiyo Altium inakupa katika sehemu moja usimamizi wa kanuni za kila kundi la njia, bodi kadhaa zilizounganishwa kama kifaa kimoja, na usanifu wa zile zinazojikunja. KiCad ina uchoraji wa jozi za njia na ulinganishaji wa urefu, na inakua haraka, lakini kwa bodi inayojikunja bado utajikuta unazunguka pembeni ili ufike.

Kabla ya kuchagua, jiulizeni mtasanifu nini miaka mitano ijayo. Kama jibu ni vidhibiti vya pampu na chaja, fedha ya leseni za Altium ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua osiloskopu nzuri. Na kama jibu ni tofauti, hesabuni kwamba Altium hufanya kazi kwenye Windows peke yake, na kwamba nayo imebadilisha mwenye mali: ilianza kama Protel nchini Australia mwaka 1985, na mwaka 2024 ilinunuliwa na Renesas ya Japani, ambayo yenyewe ni mtengenezaji wa chipu.

MkaguziWaUbora, Dar es Salaam

Naomba nijikite kwenye zile volti 230, kwa sababu hapo ndipo uhamaji unapoweza kumdhuru mtu.

Katika bodi kama zenu huwa kuna mwanya uliokatwa kwenye bodi, kwa kawaida chini ya kitenganishi cha mwanga au kati ya miguu ya rilei, ili umeme usitambae juu ya uso wa bodi kutoka upande wa volti 230 kwenda upande wa mikrokontrola, hasa vumbi na unyevu vinapojikusanya. Wasanifu wengi wa EAGLE wameuchora mwanya huo kwenye tabaka namba 46 la Milling, na wengine kwenye tabaka namba 20 pamoja na mzingo wa bodi. Baada ya kuingiza kazi katika KiCad, hakikisheni kwa macho kwamba kila mwanya umefika kwenye tabaka la Edge.Cuts, linaloonyesha mahali bodi inapokatwa. Mwanya ukipotea, ukaguzi wa kawaida wa nafasi kati ya shaba na shaba hautalalamika, kwa kuwa shaba haijasogea popote. Bodi itatoka kiwandani ikiwa safi, itawaka, itapita majaribio ya mezani, na kasoro itasubiri msimu wa mvua. Vivyo hivyo kagueni maeneo yaliyokatazwa shaba au matundu ya kuunganisha matabaka, ambayo EAGLE huyaweka kwenye matabaka ya 41, 42 na 43.

Kuna njia ya kuhakiki isiyotegemea kumbukumbu ya mtu. Toeni faili za Gerber, yaani picha za kila tabaka zinazotumwa kiwandani, kutoka EAGLE, toeni nyingine kutoka KiCad kwa bodi ileile kabla hamjagusa kitu, kisha zifungueni pamoja, moja juu ya nyingine kwa rangi mbili, tabaka kwa tabaka, na matundu pia. Programu ya gerbv inafaa sana kwa kazi hii. Kila sehemu ambayo rangi hazilingani iandikiwe maelezo: ama ni tofauti isiyo na madhara katika ujazaji wa shaba, ama ni kosa.

Kwa kuwa sehemu ya komponenti inapachikwa Shenzhen, angalieni pia faili ya mahali na mwelekeo wa komponenti. Maktaba mbili zinaweza kuwa na pedi zilezile kabisa lakini zikatofautiana juu ya upande upi ndio nyuzi sifuri, na hapo mashine itazipachika daiodi na chipu zikiwa zimegeuka. Toleo la kwanza la kila bodi iliyohamishwa liagizwe kwa idadi ndogo, na muombe kiwanda kiwatumie picha ya bodi moja iliyokamilika kabla ya kuendelea na zilizobaki.

MsanifuBodi, Morogoro

Ninawashukuru sana. Majibu haya nitayapeleka kikaoni yalivyo, na lile la mwanya tayari limetufanya tufungue upya mchoro wa kidhibiti chetu kikubwa. Nimebaki na maswali mawili. Tuna bodi nyingi za zamani ambazo bado tunaziuza. Je, zote zihamishwe? Na je, kuna sababu ya maana ya kuifikiria Fusion?

Mhandisi_Nairobi

Zote zisihamishwe. Bodi ambayo haitabadilishwa haihitaji programu ya usanifu. Inahitaji faili za Gerber zilizotumwa kiwandani, faili ya matundu, orodha ya komponenti, faili ya mahali pa komponenti na mchoro wa saketi katika PDF. Kwa kila bidhaa mnayoiuza, kusanyeni vitu hivyo kwenye folda moja pamoja na faili za awali za EAGLE, na mziweke mahali pawili tofauti. Kiwanda kitaendelea kuichapa bodi hiyo bila kujua mnatumia programu gani. Siku mteja akiomba badiliko, au komponenti ikiadimika, hapo ndipo bodi hiyo ihamishwe, ikikaguliwa kwa utaratibu aliouandika MkaguziWaUbora.

Fusion ina sababu moja ya maana: kama makasha ya vidhibiti vyenu mnayasanifu humo tayari na leseni mnailipia, basi bodi na kasha vitakaa pamoja, na faili za EAGLE zitafunguka kwa usumbufu mdogo kuliko kwingine kote. Kama sivyo, KiCad hutoa umbo la bodi katika STEP, muundo wa faili za maumbo ya pande tatu, na msanifu wa kasha ataliingiza katika programu yoyote anayoitumia.

Kwa idara ya manunuzi: kuna kampuni zinazouza huduma ya usaidizi wa KiCad kwa mkataba, kwa hiyo wa kupigiwa simu wapo mkiwahitaji. Ninavyoona mimi, bajeti yenu ya mwaka wa kwanza ielekezwe kwenye muda wa mlinzi wa maktaba. Apunguziwe kazi nyingine hadi komponenti zote za kidhibiti chenu kikubwa ziwe zimehakikiwa, na bodi hiyo ndiyo iwe ya kwanza kuhamishwa, kwa kuwa ina volti 230, modemu na tabaka 4 kwa pamoja, na karibu kila tatizo mtakalokutana nalo baadaye litajitokeza humo.