Losheni ya jua baada ya leza: isiyo na rangi, ya zinki au ya kahawia?

DagaaMwaloni
Wapendwa, habari za jioni. Wiki tatu zilizopita nilifanyiwa leza ya madoa mashavuni. Magamba yamepukutika, lakini shavu la kulia limeanza kuwa jeusi kuliko doa lenyewe lilivyokuwa. Kutwa nipo mwaloni Kirumba naanika dagaa. Nina losheni tatu: ya SPF 50 (kipimo cha kinga ya jua) isiyo na rangi, ya zinki inayoniacha kama nimejipaka unga wa muhogo, na ya kahawia ya SPF 30. Nishike ipi?

NyakatoKwetu
Pole dada. Shika ya kahawia. Hata mimi nilikimbilia namba kubwa. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile ya jua inayobabua ngozi, 50 huzuia 98. Tofauti ndiyo hiyo tu. Sisi wenye ngozi nyeusi, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho hukoleza madoa, na losheni nyingi zisizo na rangi haziuzuii vya kutosha. Kinachosaidia kuuzuia ni oksaidi ya chuma, ndiyo inayoipa losheni ukahawia. Geuza chupa utafute namba za oksaidi hiyo: CI 77491, 77492 au 77499.

Shangazi_Igoma
Ya kahawia inachafua kola jamani! Na ukahawia wenyewe mara nyingi ni wa Wazungu. Mimi napaka isiyo na rangi, ikikauka napaka faundesheni ya rangi yangu juu yake. Nayo ina hiyo oksaidi.

DukaLaDawa
Njia ya shangazi inafaa, ila usizichanganye kiganjani, utapunguza nguvu ya losheni. Zinki nayo usiidharau, ngozi ikiwa bado laini haiwashi.

Wateja wangu wengi wanakosea kwenye kipimo. Wanapaka tone la punje ya harage. Kamua mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Rudia kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitoka jasho au ukinawa. Hakikisha chupa inataja na kinga ya UVA, mionzi ya jua inayopenya ndani zaidi ya ngozi.

Nakusihi mdogo wangu, usiguse mkorogo kwa kutaka weusi uishe haraka. Weusi wa baada ya leza mara nyingi hufifia wenyewe kwa miezi, jua likizuiwa. Rudi kwa daktari aliyekupiga leza auone, na usikubali awamu nyingine kabla haujatulia.

MzeeKamanga
Mwanangu, losheni peke yake haitoshi. Vaa kofia pana ya ukili. Mchanga nao unarudisha jua usoni.

DagaaMwaloni
Asanteni sana. Nimegeuza chupa: ya kahawia ina 77491 na 77492, ile ya 50 haina hata moja. Na nimegundua jambo: kila asubuhi nikianika, shavu hilo ndilo linaloelekea jua linakotoka. Kesho naanzia upande wa pili wa kichanja, na kofia kichwani.