Mtihani wa kuandika programu kwa saa: stima ikikatika inakuwaje?

Mwana wa Kisauni aliuliza:
Assalam alaykum wanajukwaa. Kuna kampuni niliyoomba kazi, jana wamenitumia kiungo cha mtihani: maswali matatu, dakika 90, nimepewa siku saba niwe nimeufanya. Sijakigusa. Je, nikikibonyeza tu saa inaanza? Na huku kwetu stima hupotea bila hodi, ikikatika saa inasimama?

Jambo la pili ndilo linaloniuma. Mwezi wa tatu nilifanya mtihani wa aina hii. Nikaendesha mifano yao, yote ikapita, kijani kitupu. Nikatuma roho ikiwa safi. Matokeo: 38 katika 100. Mpaka leo sijui nilikosea wapi.

Binti Tudor alijibu:
Waalaykum salaam kaka. Siku saba na dakika 90 ni vitu viwili tofauti. Kiungo kwa kawaida hukupeleka kwanza kwenye ukurasa wa maelezo, usome kwa utulivu. Saa huanza ukibonyeza kitufe cha kuanza, na ikishaanza haikungoji. Inahesabiwa kwenye seva yao, wala si kwenye laptopu yako, kwa hiyo stima ikikatika dakika zinaendelea kwenda. Ulichoandika mara nyingi huwa kimehifadhiwa, basi washa hotspoti ya simu haraka, ingia tena, uendelee na zilizobaki. Ikishindikana kabisa, waandikie siku hiyo hiyo. Usikae kimya kwa kuona haya.

Sasa hiyo 38. Mifano unayoonyeshwa ni michache, wenyewe wana majaribio mengine waliyoyaficha, na alama hutoka huko. Mimi niliwahi kupewa swali hili: una orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni namba fulani. Nikaandika kitanzi (loop) ndani ya kitanzi, kila namba nailinganisha na zote zilizoifuata. Mfano wao ulikuwa na namba tano, ukapita kufumba na kufumbua. Lakini chini kabisa ya swali kulikuwa na mstari mdogo: orodha inaweza kufika namba 100,000. Piga hesabu: jozi zinakaribia bilioni 5! HackerRank, mtandao unaoendesha mitihani hii, kwa kawaida huipa programu ya lugha ya Python sekunde 10, ya C++ sekunde 2. Programu yangu ilikatwa ikiwa bado njiani.

Dawa yake ni kamusi (dictionary), pahali pa kuweka namba ulizozipita, ukiiuliza moja inakujibu papo hapo. Unapita orodha mara moja. Kwa kila namba unauliza, mwenzake nimeshampita? Hatua 100,000, basi. Nakusihi kakangu, uanze na ule mstari wa chini kabla hujaandika herufi moja. Ndio unaokwambia wanataka jibu la namna gani. Kisha jaribu orodha tupu, yenye namba moja, yenye namba hasi.

Fundi wa Likoni alijibu:
Dada amemaliza, naongeza dogo. Ukitoka kwenda dirisha jingine mara nyingi hurekodiwa, na kubandika (paste) pia. Kulinganisha programu za watu wawili si kazi ngumu. MOSS, chombo cha Chuo Kikuu cha Stanford cha kunasa programu zilizonakiliwa, inafanya hivyo tangu 1994. Hata ukibadilisha majina ya vigeu (variables), itakuona. HackerRank na Codility, mtandao mwingine wa aina hiyo, wana mitihani ya mazoezi, ufanye mmoja kwanza uzoee ile saa.

Mwana wa Kisauni:
Ahsanteni sana, dada hasa. Jana usiku nimetengeneza namba 100,000 nikaliandika lile swali lako kwa mtindo wangu wa zamani, nikaliendesha. Nimetoka kuteka maji, nimejaza madumu mawili, narudi bado inazunguka. Nikaandika upya kwa kamusi: jibu limetoka kabla sijainua kidole kwenye kitufe.

Mtihani nitaufanya Jumapili alfajiri, kwa mjomba Majengo. Simu nitakuwa nimeichaji na bando limo.