Tupeane uzoefu: albamu ya pili ya rapa uliyempenda ilikupandisha au ilikushusha?

MtunzaKanda:
Ndugu zangu, jana jioni kwa kinyozi pale Sinza redio ilipiga "Zali la Mentali", na kabla wimbo haujafika nusu wateja walikuwa wameshaanza kubishana kama rapa Professor Jay wa albamu ya Mapinduzi Halisi ya 2003 alimfikia yule wa Machozi, Jasho na Damu ya 2001. Mmoja wao alisimama shuka ikiwa bado shingoni na kichwa kimenyolewa upande mmoja tu, akasisitiza kwamba mtu aliyeandika "Ndio Mzee" na kumuumbua mwanasiasa mwongo mbele ya nchi nzima hakupaswa kurudi na hadithi ya kijana fukara anayependwa na mwanamke mwenye mali. Kinyozi alimjibu kwa utulivu kwamba hadithi hiyo ndiyo iliyomfanya mama yake mzazi, ambaye hadi siku ile aliuita muziki huo kelele za wahuni, aulize jina la mwimbaji.

Mimi nipo upande wa kinyozi, ila sijaja hapa kutafuta mshindi. Naomba kila mmoja atueleze ni albamu ipi ya pili aliyoingoja, aliipataje, na ilimfanyaje masikioni siku ya kwanza. Orodha za kumi bora tuziache.

DekiMbili:
Umenikumbusha mbali, mkuu. Nilikuwa sekondari Tanga wakati huo, na mtaani kwetu kulikuwa na kaka mwenye deki ya kanda mbili aliyewarekodia watu kwa malipo. Nilimpelekea kanda tupu ya dakika 90. Upande A aliniwekea Illmatic, albamu ya kwanza ya Nas, rapa wa Marekani, iliyotoka 1994, ambayo haifiki hata dakika 40, kwa hiyo ilienea yote na utepe ukabaki ukizunguka kimya. Upande B aliweka ya pili yake, It Was Written ya 1996, ambayo inakaribia saa nzima, na hapo utepe ukaisha Nas akiwa katikati ya mstari. Nyimbo za mwisho zote nilizikosa, ukiwamo "If I Ruled the World" alioufanya na Lauryn Hill, kwa sababu huo ndio unaofunga albamu. Nilipousikia redioni nilidhani ni wimbo uliotolewa peke yake.

Sasa fikirini. Wanaodai kwamba Nas aliukimbia mtaa wake wa Queensbridge, New York, akawafuata watu wa redio, ushahidi wao wa kwanza huwa ni wimbo huo. Mimi nilikuwa na It Was Written isiyokuwa nao! Yangu ilikuwa na bunduki inayojisimulia maisha yake mwenyewe katika "I Gave You Power", ilikuwa na lile gitaa la huzuni la "The Message", na ilikuwa na giza kuliko ile ya upande A. "Street Dreams" ilikuwamo, naam, na ule mwigo wa "Sweet Dreams" wa Eurythmics, lakini wimbo mmoja haukuweza kunibadilishia hali ya hewa. Nilipokuja kununua CD halisi, nikiwa mtu mzima, nilishangaa kukuta albamu niliyoijua imefungwa mkia wa sherehe. Hadi leo nikiisikiliza huwa naizima pale pale kanda yangu ilipoishia.

ShangaziWaBiti:
Huyo kaka wa deki aliihariri vizuri kuliko kampuni iliyoitoa.

QueensbridgeYaChanika:
Ndugu DekiMbili, kwa heshima zote, hukuisikiliza albamu, ulisikiliza robo tatu yake. Katika Illmatic Nas alizungukwa na maprodyuza akina DJ Premier, Pete Rock, Large Professor na Q-Tip, kila mmoja akileta biti iliyoonekana kama imeokotwa kwenye ngazi za ghorofa alizokulia. Katika ya pili Premier alibakiwa na wimbo mmoja, na sehemu kubwa ya kazi ikaenda kwa maprodyuza Trackmasters, ambao shabaha yao, redio, ilijulikana. Illmatic iliingia Billboard, chati ya albamu ya Marekani, ikiwa ya 12. It Was Written ilifikia moja kwa moja namba moja. Mauzo yalipanda, mimi nikashuka.

DekiMbili:
Kwa hiyo kosa lake ni kuuza? Huo wimbo mmoja wa Premier ndio huo wa bunduki, nami nilikuwa nao.

MkaguziWaTarehe:
Kabla hatujaendelea, tukubaliane tunahesabuje. Mnasema Machozi, Jasho na Damu ni ya kwanza, ilhali Professor Jay tulimjua akiwa na Hard Blasters, katika Funga Kazi ya mwaka 2000, yenye "Chemsha Bongo". Kwa masikio yetu sisi tulioanza naye huko, Machozi ndiyo iliyokuwa albamu ya pili, na ilitupandisha. Mada nzima inageuka.

MtunzaKanda:
Funga Kazi ni ya kundi, kaka. Hapa tunazungumzia msanii aliyesimama peke yake.

MkaguziWaTarehe:
Vizuri. Basi nieleze kuhusu Eminem, aliyetoa Infinite mwaka 1996 akiwa peke yake, na watu hawaihesabu kwa kuwa hawakuisikia. Kwa hesabu yao The Slim Shady LP ya 1999 ni ya kwanza na The Marshall Mathers LP ya 2000 ni ya pili. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni ya tatu. Kila mtu anaanza kuhesabu pale panapomfaa ashinde.

MshikaMaikiMstaafu:
Nimesoma tangu asubuhi bila kuandika, kwa sababu nyote mnazungumza mkiwa mbele ya spika na mimi niliwahi kuwa nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa vijana watatu wa Morogoro, na kanda yetu ya kwanza ilipokelewa vizuri. Siri yake ni kwamba haikuandikwa kwa ajili ya kanda. Yale mashairi tulikuwa tumeyaghani kwenye mahafali ya shule, kwenye harusi, vibarazani, kwa miaka, hadi tukajua ni neno gani litainua mikono na ni neno gani litaleta kicheko, na yale yasiyoleta chochote tulikuwa tumeshayafuta kabla hatujaiona studio. Tulipoingia studio tulikuwa tunanakili tu.

Kanda ilipoanza kupigwa redioni, msambazaji akatuita. Alitaka nyingine kabla ya Idi, jina likiwa bado la moto, akatupa malipo ya mkupuo na karatasi moja ya kusaini, ambayo ilimpa kazi zote mbili moja kwa moja. Daftari lilikuwa tupu. Prodyuza alikuwa na makundi mengine kwenye benchi nje ya mlango, kwa hiyo biti tulizopewa ni zile ambazo wengine walikuwa wamezikataa. Niliandika ubeti mzima kuhusu wivu wa mahasidi na vyumba vya hoteli, wakati majirani wote walijua kwamba nalala sebuleni kwa bibi na godoro nalisimamisha ukutani kila asubuhi.

Usiku wa uzinduzi ukumbi ulijaa. Wimbo wa kwanza mpya watu waliusikiliza kwa adabu, wa pili wakaanza kugeukiana na kuongea, na katika wa tatu kijana mmoja wa mbele kabisa, mwenye fulana yenye picha ya kava letu la zamani, alikunja mikono kifuani akataja kwa sauti jina la wimbo wetu wa kwanza. Ukumbi ukalidaka. Nikamwangalia DJ, alikuwa na CD ya biti mpya peke yake, kwa sababu mtu wa msambazaji aliagiza za zamani zisiletwe, maana hiyo kanda ilishauzika na tumekuja kuuza hii. Alikuwa amesimama pale pale kwenye meza ya DJ akitutikisia kichwa. Mwenzangu akachukua maiki akaanza ule wimbo mkavu, bila biti, na watu wakampigia makofi ya mdundo, wakamrudishia kila mstari. Ilipofika zamu yangu nilipotea kwenye mstari wa pili, wakanimalizia wao.

Walioondoka pale walisema ulikuwa usiku wa aina yake. Mimi nilikaa nyuma ya spika nikilia, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba hakuna hata neno moja la kanda mpya watakalokwenda nalo nyumbani. Kinachoniuma zaidi ni kwamba upande B, baada ya nyimbo za mapenzi ambazo msambazaji alizitanguliza, kulikuwa na wimbo kuhusu baba wa mwenzangu, aliyepunguzwa kazi kiwandani, ambaye kwa muda mrefu aliendelea kuondoka nyumbani alfajiri akiwa na sare yake ili watoto wasijue. Ule ndio wimbo bora kuliko wote tuliowahi kufanya, na hakuna aliyevumilia hadi kuufikia.

ShangaziWaBiti:
Taja kundi, baba. Umetuacha hewani.

KandaImekwama:
Nami nasubiri jina. Nadhani nimeshawajua, kulikuwa na kundi la Kihonda lenye...

MshikaMaikiMstaafu:
Tafadhali usikisie hadharani. Wenzangu wana familia na mmoja sasa ni mtu wa ibada.

QueensbridgeYaChanika:
Samahani, nilikuwa bado sijajibiwa kuhusu Trackmasters.

DukaLaMjomba:
Mjomba wangu aliuza kanda Kariakoo, na naona lawama zote zinatupiwa msambazaji. Yeye alikuwa akitoa fedha mkononi kabla ya kuuza hata nakala moja, na mzigo ukitoka asubuhi, jioni unakuta nakala za bandia zimepangwa barabarani kwa bei ya chini, kava lake ni fotokopi. Ndiyo maana aliharakisha ya pili: ya kwanza ilikuwa imekwishaliwa na wezi.

MshikaMaikiMstaafu:
Naelewa hasara yake, lakini haki za kazi zetu alibaki nazo yeye, si wale wezi.

MwanaWaNairobi:
Kwetu Kenya swali hili lina donda. E-Sir alikufa katika ajali ya gari Machi 2003, akiwa na albamu moja, Nimefika, na wengi wetu tuliendelea kumtungia kichwani ile ya pili ambayo haikuja. Kila rapa aliyefuata alipotoa albamu yake ya pili nilimpima kwa kitu ambacho hakipo, jambo ambalo si haki hata kidogo. Notorious B.I.G. angalau alikuwa ameimaliza yake: aliuawa tarehe 9 Machi 1997, na Life After Death, diski mbili nzima, ikatoka tarehe 25 ya mwezi huo huo. Nikiisikiliza siwezi kujua kama naipenda kuliko ile ya kwanza, Ready to Die, au nahuzunika tu.

DadaMbishi:
Poleni, ila naona hapa watu wanausifia ujana wao na kuuita albamu ya kwanza. A Tribe Called Quest walitoa The Low End Theory mwaka 1991, OutKast wakatoa ATLiens mwaka 1996, na zote mbili zilikuwa za pili na zote mbili ziliziacha mbali zilizotangulia. Hapa nyumbani, Mr. II alitoa Ni Mimi mwaka 1995, lakini Ndani ya Bongo ya mwaka uliofuata ndiyo iliyowaaminisha watu kwamba Kiswahili kinaweza kubeba albamu nzima ya rap bila kuazima. Angalieni pia Mobb Deep. Juvenile Hell ya 1993 haikununuliwa na watu, kwa hiyo walipoingia kurekodi ya pili, The Infamous, hapakuwa na ukumbi wowote uliokuwa ukiwadai wimbo wa zamani. Anayeanza vibaya hupewa uhuru ambao kaka yetu wa Morogoro hakuupata.

KandaImekwama:
Kwa hiyo ushauri kwa wasanii wachanga ni kwamba waharibu ya kwanza kwa makusudi?

DadaMbishi:
Wengine hawahitaji hata kushauriwa.

DekiMbili:
Ushauri wangu kwa wasikilizaji: albamu ya pili ianze upande B.

MkaguziWaTarehe:
Ushauri huo haufai tena, pande hazipo siku hizi. Mimi nashauri msanii aandike ya pili kabla hajaitoa ya kwanza.

ShangaziWaBiti:
Akifanya hivyo, tutakutana hapa kuilalamikia ya tatu. Afadhali wafanye kama De La Soul, ambao mwaka 1991, baada ya watu kuwaita watoto wa maua, waliweka kwenye kava la albamu yao ya pili chungu cha maua kilichoanguka na kuvunjika, na wakaiita De La Soul Is Dead. Waliizika ya kwanza wenyewe kabla hatujaanza kuililia.

DukaLaMjomba:
Kaka mstaafu, ule wimbo wa baba mwenye sare upo wapi leo?

MshikaMaikiMstaafu:
Kanda za kawaida zimeisha, hata ya kwangu ililiwa na deki. Aliyeturekodi ananiambia bado anayo DAT, yaani kanda ya kidijitali, ya studio, iko ndani ya boksi la viatu, ila mtambo wa kuisomea ulikufa siku nyingi na fundi aliyeujua amehamia Oman.

KandaImekwama:
Ninaye jamaa Arusha mwenye mtambo wa DAT unaofanya kazi. Huhamishia kwenye kompyuta kanda za kwaya za zamani. Hatoi risiti, lakini kazi yake ni safi.

MshikaMaikiMstaafu:
Niandikie namba yake kwa faragha. Wimbo nitauweka hapa ukipatikana. Jina la kundi sitaji.